Hakimu Aliyesomewa Vigezo na Masharti

Tarehe 30 Juni, Mheshimiwa Hakimu wetu, ambaye korido nzima humwita Mama Taratibu, anavua joho baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Jina hilo alilipata mapema. Wakili akianza kuropoka, yeye huweka kalamu chini na kumtazama kwa upole mpaka mwenyewe aone haya.

Alianzia kwenye chumba kinachovuja, akiamua ugomvi wa viwanja na mbuzi walioingia bustani za watu. Mashauri ya manunuzi ya mtandaoni yalipoanza, wenzake waliyakwepa. Yeye alimwomba wifi yake amfundishe kununua kwa simu. Akaagiza pazia, ikaja taulo. Alisema somo limemwingia.

Shauri lililompa umaarufu ni la msusi wa mtaa wa pili. Dada huyo aliagiza kiti cha saluni kutoka nchi ya mbali. Kikaja, na kweli kinazunguka, ila kingemtosha mwanasesere. Alikuwa ameshaacha kazi kwa tajiri wake na kupanga chumba, basi wateja wakawa wanasukwa wamekalia ndoo. Kampuni ikagoma kumrudishia fedha, naye akaja kwetu.

Wakili wa kampuni, akiwa kwao na sisi tukimwona kwenye skrini, aliweka pingamizi: mahakama yetu haina mamlaka, kwani msusi alibofya “nakubali”, na masharti yanataka kila mgogoro upelekwe mahakama za kwao. Mama Taratibu akamwomba ayasome hayo masharti. Yote, kwa sauti. Wakili akaanza kwa madaha. Akasoma mpaka koo likamkauka, akanywa maji, akaendelea. Mlinzi wa mlangoni akaanza kukoroma. Hata kifungu cha mahakama hakijafikiwa, wakili akanyoosha mikono.

“Mheshimiwa, kusema kweli, hata mimi sijawahi kuyamaliza.”

Tulicheka, lakini ofisini alituambia anaogopa. Hapakuwa na uamuzi wa nyuma wa kuegemea, na wakubwa walimshauri alitupe shauri. Hakulitupa. Aliandika kwamba kampuni ilitangaza kwa lugha yetu, ikapokea fedha ya hapa, ikaahidi kufikisha mzigo mlangoni kwa msusi. Basi na ijibu hapa hapa. Kumtaka msusi apande ndege kudai kiti, aliongeza, ni kumwambia asidai.

Kampuni ilikata rufaa, ikabwagwa. Msusi akarudishiwa fedha yake, na leo ana viti vitatu, vyote vya watu wazima.

Mume wa Mama Taratibu, fundi saa, ametudokeza kwamba nyumbani mwenye mamlaka ni yeye mwenyewe. Tumemsihi asiliweke pingamizi hilo mbele ya mkewe.

Mama, asante kwa kutusikiliza sote hadi mwisho, hata tulipokuwa hatuna la maana. Tunakuombea afya tele, safari za kujichagulia, na asubuhi nyingi ambazo hakuna mtu atakayekuita Mheshimiwa kabla hujamaliza chai.