Mlango wa Bibi Kane

Teruo, niinulie mto, kisha keti. Na wewe Fumie, acha uji upoe, nitakunywa baadaye, kwa sababu leo pumzi ninayo na ya kesho siijui. Nisikilizeni, wanangu, juu ya nyumba ya chai iliyoko bustanini, maana barua ya makumbusho mmeshaisoma: wanataka kuinunua na kuitunza, ila kwa sharti kwamba mlango wa wageni urudishwe kwenye kipimo chake sahihi. Sharti hilo hawakulitunga wao. Wamelitoa kwenye kitabu changu.

Babu yangu aliinunua nyumba ile mjini Yasugi, ikafumuliwa nguzo moja moja, kila nguzo ikatiwa namba kwa wino, ikaletwa hapa Matsue kwa mikokoteni ya ng'ombe na kuunganishwa upya: chumba cha ukubwa wa mikeka miwili na nusu, kuta za udongo uliochanganywa na mabua ya mpunga, na nguzo ya msonobari mwekundu isiyobanduliwa gome. Mgeni huingia kwa mlango mdogo, amepiga magoti, kichwa chini, awe tajiri au mchuuzi wa samaki. Niliupima mlango huo nikaukuta umezidi kimo kwa sentimita kumi na moja, nikaandika kwamba fundi wa babu alikosea, na kwa miaka ishirini na saba nikawa nawaonyesha wageni kosa hilo.

Teruo, nilikwambia uupunguze, ukakataa. Ulisema, "Baba, mbao hizi nimezishika. Aliyezikata hakuwa mlevi." Nikakujibu kwamba seremala asiyeheshimu kipimo ni muuza kuni, nawe ukasema, "Basi kuni kanunue kwingine, Profesa," ukaondoka, na kwa sikukuu tatu za mwaka mpya hukukanyaga hapa. Neno lile nililitamka mimi. Nalifuta leo, dada yako akisikia.

Vuli yake ya mwisho, mama yenu, ambaye maisha yake yote aliwaandalia wageni chai akipita mlango wa mwenyeji, aliniomba awe mgeni walau mara moja. Magoti yake yalikuwa hayakunjiki tena. Akaketi kizingitini, akajisukuma ndani kinyumenyume, mgongo wima, huku akicheka: "Baba Teruo, hebu pima tena. Au mgongo wangu nao ni kosa la fundi?" Mimi nilikuwa nakoroga chai, tena vibaya, imejaa mabonge. Akiwa ndani, uso umeelekea mlangoni, akainua macho. "Njoo usome hapa," akasema. Nyuma ya ubao wa juu wa mlango, upande wa ndani, mahali ambapo sisi tulioingia tumeinama hatukuwahi kupatazama, palikuwa na mwandiko wa babu: "Kwa Kane, mgongo wake usiumie." Kane ni bibi yangu, mke wa babu, aliyepandikiza mpunga tangu utotoni mpaka uti wa mgongo ukakakamaa.

Mama yenu aliinywa chai ile yote, na mabonge yake, akasema ni tamu. Alipofariki nikaweka kwenye njia ya bustani lile jiwe lililofungwa kamba nyeusi, la kumwambia mgeni asipite, na tangu hapo hakuna aliyepita. Nilidhani ni majonzi. Nusu yake ilikuwa aibu.

Fumie, najua makumbusho uliwaandikia kwa nia njema, na huu uji wako wa plamu za chumvi ndio ulionifikisha leo, asante, mwanangu. Wajibu kwa adabu kwamba nyumba haiuzwi, na kwamba kitabu kimekosea, ukurasa wa themanini na nne, na aliyekiandika amekiri. Kiwanja ni chako, jenga hapo ile zahanati unayoitaka. Teruo, nyumba ni yako. Ifumue kama babu alivyoifumua, itie namba, iunganishe kwako, na mlango ule usiupunguze hata unene wa ukucha. Asante kwa kunikatalia. Ungenitii, mama yenu asingeingia.

Nipe maji... kidogo tu. Inatosha.

Kabla haijafumuliwa, Teruo, washa makaa, kisha unibebe. Magoti yangu nayo hayakunjiki. Niketishe kizingitini, uniingize kinyumenyume, nisome tena. Mliyonipa ni mengi, wanangu... mengi kuliko nilivyopima. Mbaki salama, mpendane, na migongo yenu isiumie.

Fumie, nenda... kaliondoe lile jiwe.