Siku Tano Zisizo na Upepo

Ndugu waombolezaji, haya ni maisha ya mama yetu kwa mpangilio alioutaka mwenyewe, na kwa tarehe alizozihakiki mwenyewe akiwa kitandani.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Upepo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa seremala na mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1976, ambako mwalimu wa jiografia alimkabidhi kipimamvua cha shule, na tangu hapo hakuna siku aliyoacha kuandika hali ya hewa, hata siku ya harusi yake.

Alihitimu chuo cha hali ya hewa mwaka 1979, na tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na fundi saa, mtu pekee aliyethubutu kubishana naye juu ya dakika moja, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano.

Tarehe 2 Februari 2009 aliajiriwa na kampuni ya umeme kupima upepo na jua vilivyoendesha mitambo yake, akawa anaandika kila ukurasa juu ya karatasi ya kaboni, na nakala ya chini akiihifadhi nyumbani katika kabati la vyombo. Kuanzia tarehe 14 hadi 18 Juni 2015 aliandika siku tano za mawingu mazito na mapanga ya mitambo ya upepo yasiyozunguka, akamweleza meneja kwamba betri za kituo zingeuhimili mji kwa saa tisa tu, hivyo jenereta za dizeli zisiuzwe kwanza. Meneja alitia saini chini ya ukurasa, akacheka, akamwambia mbele ya wenzake kwamba bibi, wewe umeajiriwa kupima, ukitaka kupiga ramli katafute kibanda chako. Jenereta ziliuzwa mwaka uliofuata.

Tarehe 21 Juni 2021 jua halikuonekana, saa saba na dakika kumi usiku upepo ukafa, na kesho yake, saa nne na dakika kumi asubuhi, betri ziliisha, mji ukakaa saa thelathini na moja bila umeme, pampu za maji zikasimama, na wagonjwa wawili waliotegemea mashine za kupumulia wakafariki. Meneja aliiambia kamati ya uchunguzi kwamba mpimaji hakuwahi kuripoti utulivu wa namna hiyo, na kweli, ukurasa wa Juni 2015 haukuwamo tena katika daftari la ofisi. Marehemu alifukuzwa kazi tarehe 30 Julai bila kuitwa kujieleza, barua zake tatu kwa kamati, kila moja ikiwa na kivuli cha nakala ile ya kabatini, hazikujibiwa, na sokoni watu aliowabebea watoto wao walimwita muuaji.

Alianza kuugua figo Oktoba 2022, akafariki tarehe 11 Mei 2024, saa tisa na nusu alasiri, akiwa ametuachia agizo moja, kwamba historia hii isisomwe mpaka meneja awe ameketi, maana kampuni haijawahi kukosa mazishi ya mtumishi wake, hata wa zamani, naye yupo, safu ya pili, mwenye tai nyeusi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, na wafanyakazi wenzake waliokuja kumwona kwa kujificha. Inamshukuru pia meneja kwa kusaini kwa mkono mzito, kwani saini yake ilipenya kaboni, na sasa imo katika ukurasa wa tatu wa kijitabu mlichoshika, yeye akiwa na chake, wakati nakala yenyewe ilipokelewa mahakamani jana asubuhi pamoja na majina ya wale wagonjwa wawili.

Pumzika kwa amani, Mama, wa kukosa usingizi sasa ni mwingine.