Aina Arobaini na Moja

Maabara, jina alilopewa kijiweni kwa sababu ya kazi yake kwenye kituo cha utafiti wa mazao, hakuwa mtu wa kutoroka kazini. Asubuhi hiyo alikuja mbio na karatasi mkononi, nusu ya kahawa yake ikamwagika kabla hajaketi. Benchi liko kati ya kibanda cha Kinyozi na meza ya Fundi Saa. Wenyewe walikuwapo, pamoja na mama mmoja mgeni aliyekuwa akingoja saa yake. Wiki tatu nzima Maabara hakuwa na raha: mkuu wake alishaamua matuta sitini ya viazi vitamu yafyekwe Jumatatu, eti yote ni kiazi kilekile.

— Hayafyekwi, alisema, akihema. Mkuu ameghairi sasa hivi.

— Umemroga? aliuliza Kinyozi.

— Programu ya kompyuta. Ile ya zamani ilidhani kiazi kina nakala mbili za kila jeni, kama wewe: moja ya baba, moja ya mama. Kumbe kiazi kitamu kina sita. Hii mpya inahesabu: kiazi hiki kina jeni fulani mara mbili, kile mara tano. Nimeingiza vipimo vilevile, zimetoka aina arobaini na moja.

— Nakala sita, alisema Kinyozi. Basi kina baba watatu na mama watatu. Siku ya harusi wanakodi uwanja.

— Wazazi ni wawili, kaka. Kila mmoja anatoa tatu.

— Ndiyo maana wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Fundi Saa, jicho kwenye lenzi.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia tu. Mimi nasema ukila viazi hivi sana, nakala zinakuhamia. Shemeji yangu kavila tangu utotoni. Asubuhi mpole, mchana mkali, jioni hakujui.

— Huyo wakimpima kwa programu ya zamani, alisema Kinyozi, watasema ni mtu mmoja.

— Kumbe ni ukoo, alimalizia Fundi Saa.

Maabara alicheka hadi machozi yakamtoka, furaha ya wiki tatu ikitoka kwa mkupuo.

— Chekeni tu, lakini sikilizeni. Ugonjwa ukiingia shambani, aina hii ikifa, ile inasimama. Tungefyeka, tungebaki na nini?

Yule mama akaweka kikombe chini.

— Na hizo arobaini na moja, zinaitwaje?

Bisibisi ya Fundi Saa ikasimama. Kinyozi akamtazama Maabara.

— Zina namba, mama, alisema Maabara taratibu.

— Si mlizitoa mashambani kwa watu? Hao walikuwa wakiziitaje?

Miaka kumi Maabara alikuwa ameyapalilia matuta yale, na hakuna faili hata moja lenye jibu. Aligeuza karatasi upande usioandikwa, akaazima kalamu ya Fundi Saa.

— Wewe umewahi kupanda zipi, mama?

Mama akasogea karibu yake.

— Andika, alisema.