Filta Ndani ya Gazeti

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho tu. Masikio yake yalikuwa kazini. Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yake, mwanamume mwenye mikono ya oili alifungua gazeti, akamwonyesha jirani yake, muuza mayai, filta kuukuu ya pikipiki.

"Naipeleka dukani nipate ya kufanana nayo," alisema. "Zikilingana kimo na tundu, nanunua."

"Taja aina ya pikipiki na mwaka wake, kaka," alisema muuza mayai, akishikilia trei zake. "Mimi nilipima kwa macho hivyo hivyo. Oili ikapita pembeni bila kuchujwa, injini ikafa."

"Macho yangu hayanidanganyi, dada."

Fundi cherehani aliwakumbuka wateja wanaotuma dada zao wapimwe gauni badala yao.

"Na pikipiki umeiacha wazi?"

"Vumbi liingie? Nimemwaga oili yote, nikafunika, nikakaza nati, nikaipangusa. Ukiiona utasema iko tayari kwa safari."

"Ufunguo je?"

"Uko msumarini, pale shemeji anapouchukua kila..." Akaishia hapo.

Alipiga simu, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, gazeti likadondoka.

"Lakini ni ya mwaka gani?" aliuliza muuza mayai, ambaye hakuwa amemaliza.

Basi liliposimama, simu ikapokelewa, na sauti ikasikika hadi kiti cha nyuma: "Ongea kwa nguvu, shemeji, pikipiki yako leo ina makelele."