Peremende za Tjitske

Kijiji kizima kililiita benchi la waongo. Lilikuwa juu ya tuta la mfereji, mkabala na kiwanja cha farasi cha Wiebren, na kila saa nne asubuhi wazee watatu walikaa hapo. Wa kwanza aliitwa Redio, kwani alikuwa na habari ya kila kitu. Wa pili aliitwa Daktari, ingawa udaktari wake wote ni kumbebea mkoba daktari wa mifugo kwa miaka miwili. Wa tatu ni Wiebren mwenyewe, aliyefiwa na mkewe Tjitske kabla ya baridi kuingia. Kahawa na biskuti huleta Redio: kila mtu biskuti moja, kisha kopo linafungwa. Jana Feikje, farasi jike wa marehemu, alijigaragaza kwa maumivu ya tumbo mara ya tatu mwezi huu. Daktari wa mifugo alimwambia Wiebren wazi kwamba tumbo lile halivumilii tena sukari wala wanga, na mara ya nne hataamka. Wiebren aliitikia huku mkono uko mfukoni, unapapasa peremende.

— Majani makavu unayaloweka? Redio aliuliza.

— Saa nzima. Maji yanatoka rangi ya chai, sukari yote humo, nayamwaga.

— Nafaka?

— Hata punje.

— Ni nyasi hizo, akasema Daktari. Usiku baridi, asubuhi jua, zinajaa sukari.

— Nyasi gani, bwana? Wiki ya pili hii yuko kwenye mchanga mtupu.

— Basi mfereji, akasema Redio. Huko juu kuna kiwanda cha sukari. Wanamwaga, sisi tunakunywa. Hata mimi suruali haifungi siku hizi.

— Suruali yako ina kesi na siagi, si mfereji, akasema Daktari.

— Cheka tu.

— Mimi nasema mabata bukini. Wanashiba viazisukari shambani, wanakuja kunya hapo mchangani, farasi analamba.

— Analamba mavi, Daktari?

— Yuko peke yake. Utalamba nini wewe, ukikaa peke yako kutwa?

Wiebren aliinamia kikombe chake. Kanisani, mahubiri yakianza tu, Tjitske alikuwa akitoa peremende: moja yake, moja ya mumewe, ya tatu anaifumbata hadi getini kwa Feikje. Alipozikwa, farasi hakumsogelea Wiebren siku tisa. Ya kumi alikuta peremende kwenye koti la mkewe, na Feikje akaja mbio. Tangu hapo alimpa moja asubuhi, moja jioni, na nyingine kila nyumba ilipomzidi ukimya.

Jeltje, dereva wa basi aliyehamia juzi, alipanda tuta na kikombe chake mkononi.

— Habari zenu, wazee. Huyo farasi mbona hamwangalii mtu ila huyu mzee? Tena anaangalia mfuko. Mna nini humo?

Wiebren alitoa peremende nne, akaziweka juu ya benchi.

— Kwa siku anakula ngapi? Jeltje aliuliza.

— Inategemea siku yenyewe.

— Wiebren, akasema Daktari polepole. Utamuua.

— Nisipompa haji. Nyinyi mnarudi kwa wake zenu.

— Umeshajaribu, mzee? Kwenda mikono mitupu? Jeltje aliuliza.

Hakuwa amejaribu. Aliogopa, na sasa wote walijua. Redio alifungua kopo, akampa biskuti ya pili, jambo ambalo benchi lile halijawahi kuliona. Wiebren hakuipokea. Aligawa peremende, kila mtu yake na moja kwa mgeni. Ya nne aliitia kinywani mwake, akashuka tuta mikono mitupu.

Feikje alikuja mbio. Alinusa kiganja, akanusa mfuko, akarudi kwenye kiganja. Kisha akageuka, akaenda hadi uzio wa mwisho, akasimama huko akiwa amempa mgongo.

Wiebren alibaki getini, mkono bado ameunyoosha. Nyuma yake, juu ya tuta, peremende zilisikika zikivunjwa menoni.

— Kesho atakuja? Jeltje aliuliza.

— Hiyo habari bado haijanifikia, akasema Redio, akatikisa chupa ya kahawa. Ilikuwa tupu.