Udongo Niliowekewa Kigwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nanyi mlioketi kule nyuma karibu na mlango, Bwana asifiwe. Mnanijua kwa jina la Yohana, lakini mama yangu aliniita Masanja mpaka mwisho wake. Leo nataka kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa katika kifungo nilichojifunga mwenyewe, Biblia ikiwa mkononi.

Niliokoka nikiwa kijana, mwaka ule ule tuliohamia kijiji cha ujamaa, huku magharibi ya Tabora. Nilikuwa moto, ndugu zangu, moto kupita kiasi. Mistari niliijua mingi, na kila mmoja niliutumia kama fimbo. Wazazi wangu walibaki Kigwa, kando ya reli. Baba alifuata mila za wazee wake, nami nilikwisha kumweka katika kundi la waliopotea.

Asubuhi moja shemeji yangu alifika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Akasema baba amefariki, wananingoja. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, kisha wengine wanafuata. Mimi nikamjibu kwa lile neno la Yesu kwa mtu aliyeomba ruhusa akamzike babaye, kwamba wafu waachiwe kuzika wafu wao. Nikajiona nimeshinda jaribu. Shemeji alikunywa maji, akanitazama, akageuza baiskeli yake. 

Ndugu zangu, tangu siku ile sikuweza kuomba. Nilipiga magoti, nikasema "Baba yetu", na hapo hapo nikakwama. Kanisani niliongoza nyimbo, kwenye shamba la kijiji niliwahubiria majirani, lakini nikiwa peke yangu sikuweza kuvuka maneno yale mawili. Misimu mitatu ya karanga ilipita hivyo. Mama nilimwandikia barua mbili, hakujibu. Nilimpenda sana mama yangu, ila sikuwa na uso wa kumwendea.

Aliyetumwa kunifungua ni Mzee Elia, mwinjilisti wetu. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani enzi za misafara. Siku hiyo tulikuwa ghalani tukibangua karanga za mbegu, nikamweleza yote. Alianza kucheka, kisha akaona machozi yangu, akaacha.

"Yohana mwanangu," akasema, "katika nchi ile ya Yesu maiti alizikwa siku ile ile. Sasa huyo mtu, kama baba yake kafa kweli, anafanya nini barabarani? Si angekuwa msibani?"

 Mstari ule nilikuwa nimeusema mara nyingi, na swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Akanieleza kwamba zamani, msafara ulipopita ukitafuta wabebaji, kijana asiyetaka kwenda alisema atakwenda akishamzika baba yake. Na baba mwenyewe yuko shambani, ana nguvu kuliko huyo kijana. Alimaanisha atakaa nyumbani miaka yote mpaka mzee aondoke. Mzee Elia aliamini kwamba mtu yule wa kwenye Injili alikuwa akijivuta namna hiyo hiyo.

"Yesu alikataa visingizio," akasema, "matanga hakuyakataa. Alilia kwenye kaburi la rafiki yake. Na pale msalabani alimtafutia mama yake mtu wa kumtunza. Wewe wa kwako umemtafutia nani?"

Swali lile lilinivunja. Kesho yake nilikwenda mjini, nikapanda treni hadi Kigwa.

Mama alikuwa uani akipepeta mtama. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mayu," nikasema, kama tunavyowaita mama zetu. Hakuitikia. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, nami nikajua nimefukuzwa. Kisha akatoka na kopo la majani ya chai lililofungwa kwa kitambaa.

"Marahaba, Masanja," akasema. "Fungu lako hili. Nilikataa mtu mwingine kulitupa."

Ndani ya kopo mlikuwa na udongo wa kaburi la baba, wa kujaa kiganja, aliouchota siku ya maziko. Na juu yake barua zangu mbili, hazijafunguliwa. Mama hakujua kusoma, wala hakutaka jirani ayajue ya kwetu. Alikuwa akinisubiri nije mwenyewe.

Tulikwenda kaburini pamoja, nikautupa ule udongo. Nikasema "Baba yetu", na safari hii sikukwama. Nilisali mpaka amina, mkono wa mama ukiwa begani mwangu.

Namshukuru Mungu aliyenisubiri kwa mkono wa mama. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na siku tuliyomzika, udongo wa kwanza niliutupa mimi. Neno la Mungu bado naliamini lote, ndugu zangu, ila siku hizi nauliza kwanza lilisemwa kwa nani na alikuwa katika hali gani, kabla sijalinyanyua juu ya kichwa cha mtu. Mtumaini Bwana, hajakutenga na aliyekuzaa. Na kama mama yako yu hai na hamsemeshani, usingoje mimi niketi. Mlango uko hapo nyuma. Toka tu, sisi tutakuimbia.