Jinsi Mungu Alivyotuzuia Kuhamia Nyumba ya Mombasa

Bwana asifiwe, ninyi vijana mtakaosoma haya! Bibi yenu nimejifunza kuandika uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima. Herufi zangu zivumilieni, maneno yangu yashikeni.

Ndugu zangu, mume wangu alistaafu karakana ya reli, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Ujana wake alikuwa amefanya kazi Mombasa, na tangu apate kiinua mgongo alikuwa na neno moja tu: uzee nitaumalizia Mombasa, kwenye nyumba yangu. Lakini miaka ile ya Ujamaa ungetoaje pesa nje ya nchi ukanunue nyumba? Kibali hupati. Na Kariakoo, kwenye nyumba yetu, maneno yalikuwa yamezagaa kwamba nyumba zenye wapangaji zitachukuliwa zote na serikali. Hofu ikamwingia.

Dalali akamletea njia: kubadilishana. Yuko Mtanzania mwenye nyumba Mombasa, mtaa wa Majengo, anataka kurudi Dar. Sisi tumpe yetu pamoja na kiinua mgongo chote, yeye atupe yake. Pesa haivuki mpaka, wanavuka watu. Lilibaki dole gumba langu tu, ndiyo sahihi yangu, maana hati ya nyumba yetu ilikuwa na majina yetu sote wawili. Ukuta wa mbele niliujenga kwa kuuza vitumbua.

Nikafunga siku tatu, naomba. Siku ya tatu Mungu akanikumbusha desturi ya kwetu Kilimanjaro: hupokei shamba kabla hujaongea na jirani wa mpakani. Nikasema, sitii dole mpaka niwaamkie majirani wa nyumba hiyo.

Mume wangu akacheka. "Wewe, Mama Aikande? Kibao cha basi hujui kukisoma, utakagua nyumba?"

"Siendi kusoma, Baba Aikande. Naenda kuuliza."

Nikapita Tanga kwa basi hadi Mombasa. Nyumba ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Jirani, Bi Saumu, alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikamwambia tunahamia hapo.

"Karibuni. Na mwenye ardhi mushaonana naye?"

"Mwenye ardhi si ndiye mwenye nyumba?"

Alicheka mpaka ukili ukamwanguka. "We mama watoka wapi? Nyumba ni yake, ardhi ina mwenyewe. Na mwenyewe keshasema aitaka. Mwezi ujao zavunjwa zote hizi!"

Ndugu zangu, sikilizeni! Kwetu nani aliwahi kusikia nyumba bila ardhi? Yule mwenye nyumba hakutamka uongo. Alinyamaza, na sisi hatukuuliza. Tungekuwa wazee wawili wasio na nyumba huku wala kule! Nikapiga magoti palepale kwenye baraza ya Mwislamu wa watu, nikamshukuru Mungu kwa machozi. Bi Saumu naye akasema, "Alhamdulillahi."

Kijana, mtumaini Mungu. Ukishaomba, inuka uende anakokutuma, hata kama wa nyumbani mwako wanakucheka. Mimi nilichekwa mara mbili, na leo nalala chini ya bati langu. Atukuzwe!

Niliporudi Kariakoo nilikuta masanduku yamefungwa kamba, yamepangwa ukumbini. Baba Aikande alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya sanduku. Sikumcheka. Niliwaita watoto wote, nikaamuru: "Fungueni kamba hizo. Vyombo virudi jikoni. Na dalali akija, mwambieni Mama Aikande hana dole gumba."